Mzigo Umehamishiwa Kusini

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, ardhi ya Jiji la Mwilanga ilipiga hodi.

Ndivyo wenyeji walivyouita ule mtikisiko. Kwanza vijiko vililia kwenye visahani, kisha maji yakacheza ndooni, kisha nyumba nzima ikatingishika mara moja na kutulia. Watoto walifundishwa kushika kikombe kwa mikono miwili na kuitikia, "Karibu." Asiyeitikia alionekana hana adabu, hata kama ni profesa. Wageni waliofika mara ya kwanza walijitupa chini ya meza, na wenyeji waliwacheka mpaka machozi yakawatoka, halafu wakawamiminia chai nyingine.

Aliyekuwa akigonga ni Mlegezi. Huyu hakuwa mtu. Alikuwa mtambo mrefu kama safu ya milima yenyewe: visima vilivyochimbwa mpaka kina ambacho chuma huanza kulainika kwa joto, pampu, mabomba, na vifaa vya kusikiliza vilivyoitwa masikio ya mwamba, vyote vikiongozwa na akili unde moja iliyozungumza Kiswahili cha ofisini, safi na cha pole.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Ganda la dunia katika Bonde la Rukwa linavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, na limechanika. Upande mmoja wa mchaniko umeshuka ukawa bonde, mwingine umebaki juu ukawa mlima. Ule ukingo wa Ufipa ambao wageni waliupiga picha na kuusifia ni kidonda tu, mahali ardhi ilipochanika, na kuchanika kwenyewe hakujaisha. Kila mwaka pande mbili za ufa zinataka kupishana kwa upana wa ukucha, lakini mawe yameng'ang'aniana na hayapiti. Yanavumilia, na mzigo unazidi. Yakishavumilia vizazi kadhaa yanaachia kwa siku moja, na siku hiyo hakuna jiji linalobaki limesimama. Mlegezi alisukuma maji ndani ya ufa ili mawe yateleze kidogo kidogo, kila siku kidogo. Badala ya tetemeko moja la kuangusha jiji, watu walipata vitetemeko vya kumwaga chai.

Sasa, kila jiji lina ugonjwa wake, na ugonjwa wa Mwilanga ulikuwa heshima.

Zamani, Mlegezi alipokuwa bado mgeni, hodi ilipigwa wakati jeneza la mama mmoja likiteremshwa kaburini. Kamba ziliyumba, ukuta wa kaburi ukamomonyoka, jeneza likalala ubavu. Hakuna aliyeumia. Lakini neno lilitoka makaburini siku ile na halikuzuilika tena: ardhi imemkataa. Mabinti wa marehemu hawakuposwa. Wanawe walihama mmoja mmoja. Ndipo Baraza la Jiji likapitisha sheria ya Ukimya wa Msiba. Mtaa wenye msiba, visima vilivyo chini yake vinafungwa, na havifunguliwi mpaka msemaji wa familia aanue matanga kwa kinywa chake. Mhandisi hana mamlaka juu ya hilo, wala meya. Wahandisi walikubali bila ubishi, kwa kuwa mji ulikuwa mdogo na watu hawakufa kila siku.

Mji ukakua. Watu wakaanza kufa kila siku, maana hiyo nayo ni tabia ya majiji. Ikafika mahali mitaa iliyonyamaza ikawa mingi kuliko inayogongewa hodi, na hakuna aliyelalamika. Nani analalamika chai yake isipomwagika?

Mhandisi Leokadia Sikazwe, mkuu wa zamu katika Kituo cha Mlegezi, alifiwa na baba yake mwezi wa masika. Mzee Remijius alikuwa mmoja wa wachimbaji wa kisima cha kwanza kabisa, na mjini hakukuwa na mtoto asiyelijua jina lake. Baraza likampa heshima ambayo hakuna aliyewahi kupewa: visima vya jiji zima vifungwe, si vya mtaa wake peke yake. Leokadia aliangua kilio alipoletewa habari hiyo. Ndani ya kilio mlikuwa na fahari, na hakuona sababu ya kuificha. Alikwenda mwenyewe Kituoni kutoa taarifa.

"Mlegezi, tuna msiba."

"Pole sana, Mhandisi. Nimefunga visima vyote vya jiji. Mzigo wa leo umehamishiwa kusini."

"Asante," alisema, akatoka.

Sentensi ile ya mwisho alikuwa ameisikia ikiambiwa familia nyingine kwa miaka mingi. Kwake ilikuwa imekwisha kuwa kama Amina mwisho wa sala, neno linalokuambia kwamba sasa unaweza kuondoka.

Siku ya maziko, kaka yake Filbert alifika asubuhi akitokea Lusolo, kijiji kilicho mwendo wa saa tatu kwa gari kuelekea kusini, chini ya ukingo uleule wa Ufipa. Alikuwa ameoa huko na kuhamia huko, akalima mpunga, akanenepa. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo yeye ndiye msemaji wa familia. Leokadia alimkaribisha chini ya turubai, akamletea uji, akakaa naye.

"Wifi yako hakuja," Filbert alisema. "Mtoto wetu mdogo ana matubwitubwi, amevimba mashavu yote mawili. Adolfina kasema atabaki na watoto. Msimkasirikie."

"Nani amkasirikie wifi yangu? Mtoto kwanza."

Filbert alikunywa uji. Mkono wake ulikuwa umekishika kikombe kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na Leokadia aliliona hilo.

"Hapa kwenu kumetulia," Filbert alisema. "Nimeshangaa. Sisi kule tunatikiswa mchana kutwa. Nyie mnapigiwa hodi, sisi tunaingiliwa tu."

"Tangu lini?"

"Aah, muda. Mwaka jana ilikuwa kidogo. Juzi na jana ndiyo imezidi. Mlango wa jikoni haufungi tena, fremu imekaa upande. Maji ya kisima yamekuwa vuguvugu, watoto wanafurahi, wanaogea bila kuchemsha. Na barabara ya shambani imepata ngazi."

"Ngazi?"

"Upande mmoja umeshuka. Hivi." Akapima kwa kiganja, juu kidogo ya kifundo cha mguu. "Mimi nasema ni mvua. Fundi wangu naye anasema msingi wa nyumba hakuuchimba vizuri. Bora kakiri."

Alicheka. Leokadia hakucheka. Alijiona kama mtu aliyeacha jiko likiwaka na sasa yuko mbali na nyumbani. Juzi na jana. Juzi ndiyo siku aliyokufa baba.

"Kaka, nafika Kituoni mara moja. Nitawakuta makaburini."

"Leo? Watu watasema nini?"

"Nitawakuta," alisema, akaondoka na khanga yake ya msiba kiunoni.

Kituo kilijengwa ndani ya handaki lililochimbwa kwenye ukingo wa mlima. Ukuta wake uliachwa wazi makusudi ili wanafunzi waje kuangalia matabaka ya mwamba, mekundu na meusi, yaliyojikunja kama mkeka uliosukumwa kwa mguu. Leokadia mwenyewe ndiye aliyezoea kuwaeleza. Mwamba ulio chini sana una joto, aliwaambia, na ukisukumwa polepole hujikunja, hata milima mikubwa mingine duniani ni mikunjo tu ya namna hii iliyoinuliwa juu. Lakini mwamba baridi wa karibu na juu haujui kujikunja. Wenyewe una njia mbili tu za kutua mzigo: ulegezwe kwa maji uteleze taratibu, au uvunjike mara moja. Hakuna njia ya tatu. Watoto walipenda kumwitikia kwa pamoja: hakuna.

Alipita pale bila kutazama ukuta.

"Mlegezi, unaposema mzigo umehamishiwa kusini, ni kusini wapi?"

"Kwenye visima vinne vya mwisho, nje ya mpaka wa jiji. Nikilegeza pale, mwamba unateleza, na jiji linapata nafuu bila kutikisika."

"Mwamba wa pale ukishateleza, unausukuma upi?"

"Ule unaofuata."

"Na huo unaufanyaje?"

"Sifanyi kitu, Mhandisi. Kule sina visima."

Leokadia alikaa kwenye kiti. Alilijua jambo hili. Alilisoma akiwa na miaka ishirini, akalijibu kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Ufa ni kama kitambaa kinachochanwa: sehemu iliyokwisha kuchanika imelegea, haina maumivu tena, na nguvu zote za mikono zinakwenda kukusanyika pale mwisho wa mchaniko, kwenye nyuzi ambazo bado zimeshikana. Kila msiba wa Mwilanga ulikuwa umevuta kidogo. Na nyuzi zilizoshikana zilikuwa chini ya mpunga wa kaka yake.

"Nionyeshe."

Picha ya ufa ikajitokeza hewani mbele yake. Chini ya jiji palikuwa na rangi ya kijani iliyopauka. Kusini, ng'ambo ya kisima cha mwisho, rangi ilikolea ikawa nyekundu, kisha nyeusi. Katikati ya weusi ule ndipo ilipokuwa Lusolo, ingawa ramani haikuandika jina lolote.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema kila siku, Mhandisi. Mzigo umehamishiwa kusini."

"Kuna watu kule."

"Hesabu yangu ya watu inaishia kwenye mpaka wa jiji. Baraza likitaka kuipanua, linaweza kuleta ombi."

Hakukuwa na dharau katika sauti ile. Ingekuwepo, Leokadia angepata mtu wa kumkasirikia. Aliona aibu, aibu kubwa na ya moto, kwa sababu mtambo ulikuwa umesema kweli na yeye alikuwa ameujibu asante.

"Kumebaki kiasi gani kule kabla mwamba haujavunjika?"

"Masikio yangu ya kule ni mawili tu na ya zamani. Siwezi kusema kwa uhakika. Kidogo. Ukimya wa siku tatu wa jiji zima ni mzigo mkubwa kuliko wote niliowahi kuhamisha."

"Tukifunga visima vya kusini sasa hivi na kufungua vya mjini?"

"Jiji litabeba sehemu yake. Kusini nitanyonya maji yarudi juu, ufa ukauke na kukaza. Si tiba. Lakini unaweza kupata muda wa kuwahamisha watu."

"Basi fungua."

"Siwezi. Kuna msiba."

"Msiba ni wangu, Mlegezi."

"Ni wako, na pole tena. Lakini msemaji wa familia ni Bwana Filbert Sikazwe. Nasubiri neno lake."

Alimpigia Filbert. Simu ilikuwa imezimwa, kama simu zote za waombolezaji wa Mwilanga, kwa maana kuingia makaburini na simu iliyo hewani kulihesabiwa utovu wa adabu. Heshima tena. Alikimbia kwenye gari, na gari lilipokwisha kushika njia lenyewe akampigia wifi yake.

"Wifi Adolfina, watoe watoto nje. Sasa hivi. Kaeni uwanjani, mbali na nyumba."

"Nje jua kali, wifi, na huyu ana homa, ndiyo kwanza amepata usingizi." Sauti ya Adolfina ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayezungumza na mfiwa. "Kama ni hii mitikisiko, tumeizoea. Pole na msiba. Mzikeni baba salama."

"Adolfina, nisikilize. Mimi ni mhandisi wa huo mtambo. Nakuomba. Mtoe hivyohivyo alivyolala."

"Haya. Ngoja nitafute cha kumfunika."

Simu ikakatika, na Leokadia hakujua kama imekatwa au mtandao umeanguka. Alipopiga tena haikuingia.

Makaburini watu walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuona. Wachimbaji wa zamani walikuwa wamevaa kofia zao za kazi. Katekista alikuwa amefika kwenye sala ya mwisho, na vijana wanne walikuwa wameshashika kamba. Leokadia alipita katikati ya watu akikanyaga miguu ya wenzake, akamfikia kaka yake kwenye ukingo wa kaburi, akamvuta kando. Akamweleza kwa sauti ya chini, kwa maneno machache, bila kujitetea.

Filbert alisikiliza huku akitazama jeneza.

"Kwa hiyo yale maji ya vuguvugu kisimani kwangu ni misiba yenu."

"Ndiyo, kaka."

"Na huu wa baba?"

"Huu ndio mkubwa kuliko yote."

"Nikianua matanga sasa, ardhi itatikisika hapa. Kabla hatujamfukia."

"Ndiyo."

"Watasema amekataliwa. Baba, aliyechimba."

"Watasema," Leokadia alijibu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Nitaishi nalo. Sema tu, kaka. Sema haraka."

Filbert alirudi kwenye kaburi. Aliinua mkono, na katekista akanyamaza.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito lakini haikutetemeka. "Mimi Filbert, mtoto wa kwanza wa marehemu, naanua matanga. Naanua sasa hivi. Baba yetu atatusamehe."

Mnong'ono ulipita kwenye umati kama upepo kwenye mahindi. Mzee mmoja wa wachimbaji alivua kofia yake, akaivaa tena, hakujua la kufanya. Ndani ya kisikizi cha sikioni mwake Leokadia alisikia sauti ya Mlegezi, "Nimepokea. Nafungua."

Ardhi ikapiga hodi. Ilikuwa hodi kubwa, ya siku tatu zilizokusanywa, na watu wengi walishikana mabega wasianguke. Misalaba iligongana. Kipande cha ukuta wa kaburi kiliporomoka na udongo ukamwagika juu ya mfuniko wa jeneza, ambalo vijana walikuwa wamelishikilia kwa kamba huku wamefumba macho. Mwanamke mmoja nyuma alisema lile neno, si kwa sauti kubwa, na wenzake wakalisogeza mbele mpaka likawafikia wafiwa. Hakuna aliyeitikia karibu. Kisha kukatulia.

Filbert alikuwa bado amesimama wima. Leokadia alimwonea fahari, safari hii fahari isiyo na kilio ndani yake. Akageuza uso, akanong'ona kwenye kisikizi.

"Mlegezi. Mzigo wa kusini?"

"Nasoma." Mtambo ulisikiliza masikio yake mawili ya kule. "Umeshuka, Mhandisi."

"Umeshuka kiasi gani?"

"Wote. Ng'ambo ya kisima cha mwisho, mzigo ni sifuri."

Kwa muda wa pumzi moja alishukuru Mungu. Kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka kusema asante, kama alivyozoea. Ndipo akaona mbele yake ule ukuta wa handaki na watoto wa shule wamejipanga, akawasikia wakimwitikia kwa pamoja: hakuna. Kulegeza kungechukua siku nyingi. Kule hakukuwa na kisima. Ilibaki njia moja: kuvunjika. Kama ni hodi yao iliyousukuma mwamba ule hatua ya mwisho, au kama ulikuwa umeshafika mwisho wenyewe, hilo hatalijua maisha yake yote.

Hapo mtikisiko wa pili ukafika. Ulikuwa umesafiri kutoka mbali na ulikuwa umechoka njiani. Haukurusha kitu. Uliibembeleza ardhi polepole, kulia, kushoto, kwa muda mrefu, hata majani ya mikaratusi yakanong'ona bila upepo. Watu wa Mwilanga waliusikia kwenye nyayo wakaona kwamba huu sasa ni wa upole, wa kila siku, na kwamba matanga yameshaanuliwa na hakuna ubaya tena. Wakainamisha vichwa. Kwanza wachimbaji wazee, kisha katekista, kisha umati wote, wakaitikia kwa sauti ya chini na ya adabu.

"Karibu."

Filbert, aliyelelewa katika mji ule, aliitikia pamoja nao. Alishusha pumzi, akachota udongo kwa kiganja na kuudondosha kaburini, halafu akamgeukia mdogo wake. Uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sasa na wale kwangu watapumzika," alisema.

Akatoa simu yake mfukoni, akaiwasha, akampigia mkewe. Akaiweka sikioni, akawa anamtazama Leokadia huku ikiita.